Kumbe kuna bakteria mdomoni tunaowahitaji? Dawa ya kusukutua inawafyeka wote

#1 Mdadisi wa Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisukutua asubuhi na usiku kwa ile dawa inayochoma hadi machozi yanalenga, nikiamini kinywa safi ni kile kisicho na kijidudu hata kimoja. Sasa nasikia juu ya ulimi wanaishi bakteria wanaosaidia kushusha presha, na dawa ile ile ninayoisifia inawafyeka. Msimamo wangu tangu leo: mwenye kinywa kizima hana haja ya dawa ya kuua vijidudu. Anayepinga aje na sababu, matusi ayaache mlangoni.

#2 Kifaranga
Nimewahi siti ya mbele.

#3 Bingwa Mabishano
Ulimi na presha wapi na wapi? Kesho mtatuletea uzi kwamba kukata kucha kunaharibu figo. Damu inasukumwa na moyo, mkuu, si mate.

#4 Gego la Mwisho
Bingwa, cheka taratibu. Nipo kwenye fani ya meno, ngoja nieleze.

Ukila spinachi, bitiruti na mboga nyingine za majani unameza naitreti. Inaingia kwenye damu, kisha tezi za mate zinaivuta: takribani robo yake inarudi kinywani kupitia mate. Seli zetu wenyewe hazina kimeng'enya cha maana cha kuibadilisha. Wanaoweza ni bakteria wa nyuma ya ulimi, kwenye vijifereji ambako hewa haipenyi vizuri: Veillonella, Actinomyces, Rothia, Neisseria na wenzao. Wanaigeuza kuwa naitraiti, unaimeza, na ndani ya mwili inakuwa oksidi ya naitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa. Mishipa ikilegea, presha inashuka.

Gesi hiyo ndiyo iliyowapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ingawa wao walishughulika na ile inayotengenezwa na mwili wenyewe. Hii ya kupitia ulimi ni njia ya pili. Na ushahidi kwamba mate yanahusika ni huu: watu walipokunywa juisi ya bitiruti kisha wakaambiwa wateme mate yote badala ya kuyameza, presha haikushuka.

#5 Bingwa Mabishano
Umeandika vizuri, lakini ni kwa kiasi gani? Hata kupanda ngazi kunapandisha presha. Leta namba.

#6 Nusu Mkemia
Namba hizi hapa. Mwaka 2013 Kapil na wenzake, London, waliwasukutulisha watu 19 wenye afya kwa klorheksidini, dawa kali ya kuua vijidudu vya kinywa, siku 7. Naitraiti iliyokuwa ikitengenezwa kinywani ilianguka kwa takribani asilimia 90, na presha ikapanda kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki.

Kabla hamjamwaga chupa zenu chooni: watu 19 ni wachache, siku 7 ni fupi, na klorheksidini ndiyo kali kuliko zote kwenye rafu. Kuna jaribio jingine kwa wanawake wenye afya ambalo halikuona presha ikibadilika. Mleta uzi, soma kibandiko cha chupa yako. Kinachochoma mara nyingi ni alkoholi au mafuta ya mimea, si lazima kiwe hicho tunachokijadili.

#7 Mdadisi wa Usiku
Nimesoma. Haina klorheksidini, ina setilipiridinia. Hiyo nayo vipi?

#8 Nusu Mkemia
Nayo inaua, ila kwa kawaida ni dhaifu zaidi. Huwezi kuyabeba matokeo ya ile ukayatua kwenye hii.

#9 Mama Pacha
Klorheksidini naifahamu, jamani. Nilipong'olewa gego kliniki moja ilinipa chupa kubwa, hakuna aliyeniambia mwisho wa kutumia ni lini. Chupa ikaisha, nikapewa nyingine. Meno yakaota ukahawia pembeni mwa fizi na chakula kikapoteza ladha, kila kitu nikawa nakitafuna kama karatasi. Kuhusu presha siwezi kusema, sikuwa napima. Ila ulimi wangu uliniambia mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa.

#10 Gego la Mwisho
Pole dada. Madoa na kubadilika kwa ladha ni madhara yake yanayojulikana, na madoa hayo yako juu ya jino, yanasafishika. Dawa yenyewe ina kazi: baada ya upasuaji wa kinywa, au fizi zikiwa zimechachamaa, kwa muda uliopangwa. Ubaya ni kuitumia kama maji ya kunawia.

#11 Mzee wa Kando
Naona wote mmeshaingia kwenye mtego wa "wazuri" na "wabaya". Hakuna bakteria aliyezaliwa na kitambulisho kinachosema yeye ni mwema.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza kwamba meno yanaozeshwa na asidi inayotengenezwa na vijidudu wakila wanga na sukari. Mwaka 1954 Orland na wenzake wakalea panya katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote, wakawalisha chakula chenye sukari tele. Meno hayakuoza. Hapo ungeweza kusema: haya, mkosaji ni bakteria, tuwaue. Lakini Streptococcus mutans, anayebebeshwa lawama zote, unamkuta pia kwenye vinywa visivyo na tundu hata moja, ametulia kwa idadi ndogo.

Katika miaka ya 1940 Stephan alipima asidi ya utando wa meno, ule ukoga wa bakteria unaoganda juu ya jino, baada ya mtu kusukutua kwa maji ya sukari. Ndani ya dakika chache pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imeongezeka) inashuka chini ya 5.5, pale ambapo jino huanza kupoteza madini, kisha inachukua nusu saa hadi saa nzima kupanda tena. Ukila vitamu kila mara, kinywa hakipati nafasi ya kupanda. Wanaopenda asidi wananawiri, wasioiweza wanapungua. Philip Marsh aliliweka hilo vizuri miaka ya 1990: ugonjwa ni mabadiliko ya mazingira, na bakteria wanayafuata mazingira hayo. Kwa hiyo uzi huu unauliza swali lisilo lake. Usiulize nani anaishi humo, uliza unamlisha nini.

#12 Kipepeo Mwekundu
Mzee wa Kando hoja nzito, lakini inamwachia huru mshtakiwa. Mimi na mdogo wangu tumekula sahani moja, na soda tumekunywa pamoja utotoni. Yeye ana matundu kila mahali, mimi sijawahi kuzibwa jino. Mazingira ni yale yale. Tofauti iko wapi?

#13 Bingwa Mabishano
Yeye alikuwa anamalizia soda yako ukigeuka.

#14 Nusu Mkemia
Kipepeo, tofauti moja inaweza kuwa ni nani aliyetangulia. Mzee wa Kando anawachukulia bakteria kana kwamba wanangoja tu hali ya hewa ibadilike, wakati wao wenyewe wanaibadilisha. Streptococcus sanguinis na S. gordonii wanavunja arijinini, kimojawapo cha viini vya protini, iliyo kwenye mate na chakula, wanatoa amonia, na amonia inapunguza asidi. S. salivarius anafanya hivyo kwa yurea. Juu ya hapo, sanguinis anatoa haidrojeni peroksaidi, ambayo mutans haipendi. Hiyo ni vita, kila siku, juu ya jino lako. Ndiyo maana kuna dawa za meno zilizowekewa arijinini: wazo lao ni kumlisha yule anayezima asidi.

#15 Msemakweli
Mnazunguka sana. Jambo ni la nafasi tu. Basi likijaa abiria waungwana, mkorofi hapati siti. Kila mmoja wetu ana aina 700 za bakteria mdomoni, wakijaa wale wa kawaida, mgeni mbaya anakosa pa kukaa. Ukisukutua kwa dawa kali umewashusha wote, na wa kwanza kurudi hujui ni nani.

#16 Gego la Mwisho
Msemakweli, hoja ya nafasi ina ukweli ila namba imeteleza. 700 na zaidi ni jumla ya aina zilizopatikana katika vinywa vya watu mbalimbali zikikusanywa pamoja. Mtu mmoja ana sehemu tu ya hizo.

Na hao wanaorudi kwanza wanajulikana. Jino likishapigwa mswaki, ndani ya dakika linapata ngozi nyembamba ya protini za mate, na wanaojishika hapo mapema ni streptokoki wa aina ya sanguinis na jamaa zake. Wakali wa fizi, kama Porphyromonas gingivalis, wanakuja baadaye sana, utando ukishakuwa mnene na oksijeni imepungua ndani yake. Hapo ndipo mswaki unapofanya kazi: hauuwi, unarudisha utando kwenye hatua ya mwanzo.

#17 Msemakweli
700 au 200, siti ni siti.

#18 Pweza
Kuna Waholanzi waliopima mwaka 2014 wakasema busu la sekunde 10 linahamisha bakteria milioni 80. Naomba wanandoa wote wa jukwaa hili waangaliane upya.

#19 Kifaranga
Mimi bado sijaoa, kwa hiyo wangu ni wa asili.

#20 Mama Pacha
Wewe Kifaranga wako ni wa mama yako. Mtoto huanza kupata wa kwake kwa waliomlea.

Na hili linanisumbua. Nilikuwa nikiambiwa nisilambe kijiko cha watoto nitawaambukiza kuoza meno. Halafu mwaka 2013 Waswidi wakatoa utafiti kwamba watoto ambao wazazi wao walinyonya chuchu bandia kuisafisha kabla ya kumrudishia mtoto, walipofika miezi 18 walikuwa na pumu na ukurutu kidogo kuliko wengine. Sasa nilambe au nisilambe?

#21 Gego la Mwisho
Utafiti ule ulikuwa wa watoto wachache, na uliangalia mzio, haukuangalia meno. Mzazi mwenye matundu yasiyotibiwa anampa mtoto mutans kwa wingi, hilo halijabadilika. Tibu kinywa chako kwanza, ndipo tubishane kuhusu kijiko.

#22 Mtunza Kumbukumbu
Pweza, Waholanzi hawakuanza jana kuhesabu mambo haya. Septemba 1683 Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, muuza vitambaa, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu ukoga alioukwangua kwenye meno yake mwenyewe. Kupitia lenzi aliyoichonga kwa mkono aliona viumbe wakiogelea na kuzunguka, akakadiria kwamba wanaoishi kinywani mwake ni wengi kuliko watu wa nchi yake. Na yeye alikuwa mtu wa kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi! Kingine: alijaribu kusukutua kwa siki, akaona walio ndani ya ukoga hawakufa. Mleta uzi, dawa yako inayochoma ina ukoo mrefu.

#23 Bingwa Mabishano
Basi kama hata siki ya 1683 ilishindwa, tuache na mswaki. Bakteria ni wetu, tuwaache waishi. Nani ananiunga mkono?

#24 Gego la Mwisho
Hakuna. Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 1965 Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote 12, hakuna aliyesalimika, walipata uvimbe wa fizi kati ya siku ya 10 na ya 21. Waliporudi kwenye mswaki fizi zikapona. Hao unaowaita wako, ukiwaacha wajengane, wanabadilika.

#25 Mzee wa Kando
Asante, Gego. Watu wale wale, kinywa kile kile, hakuna mgeni aliyeingia. Kilichobadilika ni unene wa utando. Ndicho ninachosema tangu post #11.

#26 Nusu Mkemia
Hapana mzee, hiyo inakubeba nusu tu. Utando ulipokuwa mnene, aina za bakteria nazo zilibadilika. Bado hujatuonyesha kipi kilitangulia kipi.

#27 Jirani Mwema
Mimi nina kisa changu. Nilimeza antibayotiki kwa ajili ya kifua, kifua kikapona, kinywa kikaanza kuwaka. Utando mweupe ulimi mzima. Nikaambiwa ni fangasi, Candida, aliyekuwemo siku zote ila bakteria walimbana. Walipouawa na dawa, akatamba. Kwa hiyo upande wangu niko na Msemakweli na siti zake.

#28 Msemakweli
Karibu kwenye basi.

#29 Mdadisi wa Usiku
Kuna mtu aseme kuhusu vile vidonge vya kumung'unya vyenye bakteria hai. Vinafanya kazi au ni biashara?

#30 Mtunza Kumbukumbu
Kinachotajwa sana ni Streptococcus salivarius K12, kilichotokana na kazi ya John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Anatoa protini ndogo, salivarisini, zinazomzuia Streptococcus pyogenes anayeleta maumivu makali ya koo. Maabarani kazi yake inaonekana safi kabisa. Kwenye vinywa vya watu shida ni kwamba ukiacha kumung'unya, mara nyingi mgeni hapati makazi ya kudumu na idadi yake inashuka.

#31 Nusu Mkemia
Hiyo inamrudisha Msemakweli nyuma: siti zikiwa zimejaa, hata mgeni mwema naye anakosa pa kukaa. Jeffrey Hillman, Florida, alikwenda mbali zaidi. Alimchukua mutans anayetoa sumu ya kuwaua mutans wenzake, akamtoa uwezo wa kutengeneza asidi ya laktiki, akitaka akishashika kinywa asitoke. Kama una bakteria aliyebadilishwa na hatoki, na umegundua hukumtaka, unafanyaje? Mimi singekuwa wa kwanza kwenye foleni.

#32 Pweza
Na kumbukeni zile sekunde 10. Jirani zako wote wangempata.

#33 Bingwa Mabishano
Jirani zako, si zangu.

#34 Daktari Mstaafu
Nimewasoma kimya. Kuna upande mmoja mmeusahau. Sanguinis huyo huyo mnayempamba, akipenya kwenye damu kupitia fizi zinazotoka damu na akakuta vali ya moyo iliyokwisha kuharibika, anaweza kuketi pale na kuleta ugonjwa unaoua. Ndiyo maana wenye vali bandia na baadhi ya kasoro za moyo hupewa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino. Mapendekezo ya Chama cha Moyo cha Marekani ya 2007 yalibana dawa hiyo ibaki kwa walio katika hatari kubwa tu, kwa kuwa hata kutafuna na kupiga mswaki kunaingiza bakteria kwenye damu kila siku. Mahali alipo bakteria ni jambo kubwa kuliko jina lake.

#35 Mzee wa Kando
Nadhani daktari ameniunga mkono.

#36 Daktari Mstaafu
Sijamuunga mkono mtu. Nimesema mahali.

#37 Kipepeo Mwekundu
Narudi kwa naitreti. Si ndiyo ile inayowekwa kwenye soseji, inayosemwa inaleta saratani? Mbona kwenye spinachi imekuwa malaika?

#38 Nusu Mkemia
Swali zuri kuliko yote hapa. Naitraiti ikikutana na amini (viini vitokanavyo na protini) tumboni inaweza kutengeneza naitrosamini, na baadhi ya hizo ni sumu ya saratani. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2010 iliweka naitreti na naitraiti zinazomezwa, katika mazingira yanayoruhusu mchanganyiko huo, kwenye kundi la "huenda zinasababisha", na mwaka 2015 nyama zilizosindikwa zikaingia kundi la kwanza, la vinavyosababisha saratani kwa hakika. Tofauti ya mboga ni kwamba inakuja na vitamini C na viini vingine vinavyozuia mchanganyiko huo, na haiji na zile amini za nyama. Lakini bakteria wa ulimi ni wale wale. Anayetaka kuwaita wema tu, ajue wanaifanyia kazi naitreti yoyote utakayowaletea.

#39 Gego la Mwisho
Na kwa upande wa faida: mwaka 2015 kundi lile la Kapil liliwapa wenye presha juu mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki 4. Ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa takribani milimita 8. Hiyo si ndogo.

#40 Bingwa Mabishano
Hiyo ni bitiruti, si bakteria. Mkulima ndiye apewe shukrani.

#41 Jirani Mwema
Kuna nyingine, ya Puerto Rico mwaka 2017, ikasema wanaosukutua mara mbili au zaidi kwa siku walipata kisukari au dalili zake za awali zaidi kuliko wasiosukutua. Wakahusisha na oksidi ya naitriki hiyo hiyo.

#42 Mzee wa Kando
Ule ulikuwa utafiti wa kufuatilia watu, haukuwapa dawa kwa kura. Anayesukutua sana huenda ana harufu ya kinywa, mwenye harufu huenda ana fizi mbovu, na fizi mbovu na kisukari vinatembea pamoja kwa njia zote mbili. Walijitahidi kuondoa hayo kwenye hesabu, lakini mtu hupunguza mengi kwa hesabu, si yote.

#43 Mtu Kimya
Habari za humu. Nasoma tu siku zote, leo naomba kuuliza. Kinywa changu kimekauka tangu nianze kumeza dawa fulani kila siku, na meno yameanza kuoza chini, karibu na fizi, mahali ambapo hayakuwahi kuoza. Sili vitamu. Ni bakteria gani huyo?

#44 Gego la Mwisho
Ndugu, kwako tuanze na mate kabla ya bakteria. Mtu hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanaosha, yanapunguza asidi, yanarudisha madini kwenye jino. Yakipungua, asidi inakaa muda mrefu na wanaoipenda wanashika hatamu hata kama vitamu ni vichache. Dawa za mzio, za sonona, na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo zinaweza kukausha kinywa.

#45 Bingwa Mabishano
Hebu ngoja. Dawa ya presha inakausha mate, mate yakikauka naitreti hairudi kinywani, ikikosa kurudi presha inapanda, unaongezewa dawa ya presha. Gego, hapo umejifunga mwenyewe.

#46 Gego la Mwisho
Dawa inashusha presha kuliko huo ulimi unavyoweza kuipandisha. Mtu asisome hapa akaacha dawa zake.

#47 Mtu Kimya
Yangu ni ya mzio, si ya presha.

#48 Gego la Mwisho
Basi muulize aliyekuandikia kama kuna nyingine isiyokausha sana. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, tema povu tu, usisuuze kwa maji mengi, na usiku uwe na maji ya kunywa karibu, matupu. Kisha nenda ukaangaliwe hayo matundu wakati bado ni madogo.